Mwami, Mteko na Kijiji: Urithi wa Kitamaduni wa Nyanda za Juu za Buha, Kibondo na Kasulu, tangu Ukoloni hadi Operesheni Vijiji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza urithi wa kitamaduni wa nyanda za juu za Buha, hususan wilaya za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, kwa kufuatilia hatima ya vyeo viwili: mwami, aliyetawala watu, na mteko, aliyesimamia ardhi. Maelezo yaliyozoeleka huuchukua mwaka 1963, serikali ilipofuta utawala wa machifu, kuwa ndio mwisho wa taasisi za jadi. Makala yanadai kuwa maelezo hayo yanamfaa mwami peke yake. Mteko hakuwahi kuingizwa katika sheria za serikali, hivyo hakuweza kufutwa nazo. Kilichomdhoofisha ni kuhamishwa kwa watu kutoka katika ardhi aliyoihudumia, kwanza katika makazi ya kudhibiti malale ya miaka ya 1930, kisha katika Operesheni Kigoma iliyoanza mwaka 1972. Inapendekezwa kuwa kazi ya kuhifadhi urithi wa Buha ianze na majina ya mahali na kumbukumbu za ardhi kabla ya ngoma, mavazi na vifaa.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Kigoma mjini kuelekea Kasulu huacha ziwa lililo takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi nyanda zinazozidi mita 1,200. Akiendelea kaskazini kupitia Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi, atakuwa ameivuka sehemu kubwa ya nchi ambayo wenyeji wake, Waha, waliiita Buha. Njiani atakutana na majina ya falme za zamani yakiwa yamevaa nguo mpya. Jimbo la uchaguzi la Kibondo linaitwa Muhambwe. Jimbo la Kakonko linaitwa Buyungu. Heru Juu, kilichokuwa kitovu cha ufalme wa Heru, ni kijiji cha Kasulu. Majina yamebaki, lakini vijana wengi wanaoyatamka hawajui kwamba kila moja lilikuwa na mwami wake, ngoma zake za kifalme na utaratibu wake wa kugawa ardhi.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: ni nini hasa kilichovunjika katika urithi wa Buha, na kilivunjika lini? Jibu lina uzito wa kivitendo. Tukiamini kuwa urithi ulifutwa kwa sheria, tutaurejesha kwa sheria, kwa kutambua vyeo na kuvisimika upya katika sherehe. Tukiona kwamba ulivunjwa kwa kuwatenga watu na mahali pao, kazi yetu itakuwa nyingine kabisa, na muda wa kuifanya utakuwa mfupi, kwa kuwa wanaokumbuka mahali hapo wanapungua kila mwaka.

2.0 Nafasi ya Mtafiti na Vyanzo

Mwandishi ni mzaliwa wa Kasulu, na ni haki msomaji ajue hilo mapema. Swali la makala haya halikuanzia maktabani. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiitaja sehemu tuliyoishi kwa majina matatu: jina la kijiji kama lilivyoandikwa kwenye ubao wa ofisi, jina la kilima ambako familia ilikaa kabla ya kuhamishwa, na jina la tatu, ambalo alilitumia tu alipozungumzia mbegu, mvua au mazishi. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kusahau kwa wazee. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kuwa jina la tatu lilikuwa la eneo la mteko, na kwamba kwa bibi majina hayo matatu yalikuwa na kazi tatu tofauti.

Kumbukumbu ya familia moja haitoshi kuwa ushahidi wa historia. Kwa hiyo makala yanaegemea maandishi yaliyochapishwa kuhusu Buha: ripoti ya W. B. Tripe (1939) kuhusu kifo na kurithiwa kwa mwami, maandiko ya Askofu Jan van Sambeek kuhusu imani na desturi za Waha, muhtasari wa J. H. Scherer (1959), uchambuzi wa James L. Brain (1973) kuhusu mahusiano ya Watutsi na Waha, na kazi ya Michele Wagner (1996) kuhusu mazingira na jamii katika Buha. Vyanzo hivi vina kasoro inayofanana. Vingi viliandikwa na maofisa, wamisionari na wanazuoni wa kigeni, ambao milango iliyowafungukia kwa urahisi ilikuwa ya mwami na ya mahakama yake. Mteko anaonekana humo, lakini mara nyingi pembeni.

3.0 Buha katika Macho ya Wapita Njia

Kabla ya karne ya 20, nyanda za Buha ziliandikwa zaidi na watu waliokuwa wakielekea kwingine. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita kusini mwa Buha akienda Ujiji kumtafuta Livingstone. Katika kitabu chake analalamika juu ya hongo aliyotozwa na Mionvu na watawala wengine, mpaka akaamua kutoroka usiku porini na msafara wake chini ya kiongozi wa kukodi. Katika masimulizi hayo Waha wanaonekana kuwa kero ya njiani. Lakini hongo hiyohiyo, tukiitazama kutoka juu ya kilima badala ya kutoka barabarani, ilikuwa dalili ya mamlaka: nchi ilikuwa na wenyewe, mipaka ilijulikana, na mgeni hakupita bila kuitambua.

Mtazamo wa mpita njia haujaisha. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Uamuzi huo ni sahihi na una maana kubwa kwa taifa. Hata hivyo, matokeo yake ni kuwa urithi wa Kigoma unaotambulika kimataifa ni ule uliopita bondeni kuelekea ziwani. Nyanda zilizolisha masoko ya Ujiji kwa mifugo na mazao hazimo katika picha. Kusini, chumvi ya Uvinza imepata bahati zaidi: uchimbaji wa kiakiolojia wa J. E. G. Sutton na Andrew Roberts (1968) ulionesha kwamba chemchemi zile zimetumiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi huacha vigae na majivu ardhini. Kazi ya mteko haikuacha jengo wala kigae, na hapo ndipo ugumu wetu unapoanzia.

4.0 Mamlaka Mbili katika Nchi Moja

Falme za Buha zinazotajwa mara kwa mara ni Heru, Muhambwe, Buyungu, Bushingo, Luguru na Bujiji. Kila moja iliongozwa na mwami wa ukoo wa Kitutsi, akisaidiwa na watware waliosimamia maeneo. Uhusiano wa watawala na raia ulifungwa kwa ng'ombe. Katika mkataba wa ubugabire, mtu asiye na mifugo alipewa ng'ombe wa kutunza, akanufaika na maziwa na samadi, naye akawa na wajibu wa utumishi na heshima kwa aliyempa. Brain anasisitiza kuwa katika Buha makundi haya mawili yalisogeleana kuliko inavyodhaniwa: waliongea lugha moja na kuishi katika utamaduni mmoja.

Pamoja na hayo, mwami hakuwa mwenye ardhi kwa maana kamili. Chini ya utawala wake kulikuwa na mamlaka ya zamani zaidi, ya mteko. Mteko alirithi cheo kutoka katika ukoo uliohesabiwa kuwa wa mwanzo kufungua eneo fulani. Yeye ndiye aliyekuwa na uhusiano na nguvu za mahali hapo, nguvu zilizokaa katika vichaka, miti, chemchemi na mawe. Alihusika na baraka za mbegu, na ufunguzi wa msimu wa kulima, na kumkaribisha mgeni aliyetafuta shamba, na kuisafisha ardhi baada ya mkasa. Wagner anaonesha kuwa Waha waliielewa mandhari yao kupitia mahusiano ya namna hii, kiasi kwamba kuzungumza juu ya mazingira kulikuwa kuzungumza juu ya jamii.

Tofauti kati ya vyeo hivi viwili ni muhimu kwa hoja ya makala. Mwami aliweza kuhama: makao ya kifalme yalihamishwa, na ufalme ukabaki palepale alipo mwami na ngoma zake. Mteko hakuweza kuhama. Mteko wa kilima hiki hakuwa mteko wa kilima kile, hata kama vilitenganishwa na bonde moja tu. Mamlaka yake ilikuwa mizizi, na mzizi ukitolewa udongoni haubaki kuwa mzizi kwa muda mrefu.

5.0 Ukoloni: Mwami Anaandikishwa, Mteko Anasahauliwa

Baada ya utawala wa Wajerumani, Buha ilikaliwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1916 hadi 1921, ndipo ikakabidhiwa kwa Waingereza. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliweka msingi wa utawala usio wa moja kwa moja katika Tanganyika. Kwa Buha maana yake ilikuwa kwamba mwami aligeuzwa kuwa mtumishi wa serikali: alikuwa na mshahara, mahakama, karani na wajibu wa kukusanya kodi. Cheo chake kiliingia katika majalada. Hata kurithiwa kwake kukawa jambo la kiserikali, na ndiyo maana ofisa kama Tripe aliona vema kuandika ripoti juu ya kifo cha mwami. Mwaka 1946 Mwami Theresa Ntare alishika utawala wa Heru, tukio lililoupa ufalme huo umaarufu nje ya mipaka ya Kigoma kwa kuwa mwanamke kuwa chifu wa eneo kubwa lilikuwa jambo adimu.

Mteko hakuwa na nafasi katika orodha ya mishahara. Hakukusanya kodi, hakuhukumu kesi za serikali, na eneo lake lilikuwa dogo mno kuonekana katika ramani ya bwana shauri. Kwa namna fulani kusahauliwa huko kulimlinda, kwa kuwa hakugeuzwa kuwa wakala wa mkoloni. Lakini kulimwacha pia bila kinga pale serikali ilipoanza kuwapanga watu upya.

Mambo mawili yalibadilisha uhusiano wa Waha na ardhi. La kwanza ni kazi za mbali. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kodi ilidai fedha, nazo nyanda hizi hazikuwa na zao la biashara la kutosha. Vijana wa Kasulu na Kibondo wakawa manamba, wakisafiri kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na baada ya mwaka 1944 uandikishaji huo ulipangwa zaidi kupitia ofisi ya waajiri wa mkonge iliyojulikana kama SILABU. Kwa serikali na waajiri, Buha ikawa jina la ghala la nguvukazi. Nyumbani, wanawake na wazee ndio waliobaki na mashamba, na kwa hiyo ndio waliobaki na maarifa ya ardhi. Si ajabu kuwa majina matatu niliyoyataja hapo juu yalihifadhiwa na bibi.

La pili ni malale. Katika miaka ya 1930 serikali iliwaondoa wakazi wa maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, ambako pori lingefyekwa na wagonjwa kutibiwa. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na ugonjwa ulikuwa wa kweli. Mwanahistoria hana haki ya kulipuuza hilo. Lakini katika makazi hayo koo za vilima mbalimbali ziliwekwa bega kwa bega katika ardhi ambayo mteko wake, kama alikuwapo, alikuwa wa ukoo mmoja tu. Vilima vilivyoachwa vilirudi kuwa pori. Kwa daktari, pori hilo lilikuwa makao ya mbung'o. Kwa wenyeji, lilikuwa pia ardhi iliyoachwa bila mtu wa kuihudumia.

6.0 Mwaka 1963 na Mwaka 1972

Baada ya uhuru, Bunge lilifuta sheria iliyowapa machifu mamlaka, na mwaka 1963 huchukuliwa kuwa mwisho wa utawala wao. Kwa mwami, pigo lilikuwa la wazi: alikuwa ameandikwa, naye akafutwa. Serikali changa ilikuwa na sababu zake. Vyeo hivyo vilikuwa vimetumika kutoza kodi na kuandikisha manamba, na taifa moja halikuweza kujengwa juu ya himaya zaidi ya mia moja.

Ni rahisi kufikiri kwamba sheria hiyo iliondoa pia taasisi nyingine za jadi. Lakini hakukuwa na kifungu cha kumwondoa mteko, kwa sababu hakukuwa na kifungu kilichokuwa kimemweka. Kilichomfikia ni kitu kingine. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, ikitangulia agizo la Mwalimu Nyerere la Novemba 1973 kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 Watanzania wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja ikizungukwa na migomba na mashamba yake, zilihamishiwa kando ya barabara katika viwanja vilivyopimwa kwa mistari. Shule, zahanati na maji vilisogea karibu, na wengi walifaidika navyo. Ardhi sasa iligawiwa na kamati ya kijiji. Swali la nani alifungua kilima hiki mwanzo halikuwa na mahali pa kuulizwa.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba mteko alidhoofishwa na Ukristo na shule kabla ya vijiji. Wamisionari wa Afrika, Waanglikana na Waadventista walikuwa wamejenga katika nyanda hizi tangu enzi za ukoloni, na mafundisho yao yalipingana na ibada za ardhi. Pingamizi hili lina ukweli, ila halitoshi. Kwanza, vituo vya misheni vilipanuka katika kipindi kilekile cha makazi ya malale, hivyo si rahisi kutenganisha athari za imani na za kuhamishwa. Pili, dini ilibadilisha idadi ya watu waliomwendea mteko, ilhali kuhamishwa kulibadilisha maana ya cheo chenyewe. Mtu aliyebatizwa na akabaki kilimani kwake bado alijua kichaka kipi hakikatwi. Mjukuu wake aliyezaliwa kijijini hakukijua hata kama hakubatizwa.

7.0 Lugha, Mpaka na Shaka

Urithi wa Buha unabeba mzigo mwingine usiokutwa katika mikoa mingi. Kiha kiko karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda. Majina ya kifalme, kama Ntare, yanapatikana pande zote mbili za mpaka. Mpaka huo ulichorwa na wakoloni. Tangu mwaka 1972, na zaidi tangu 1993, vita vya Burundi na Kongo vimewaleta wakimbizi wengi katika wilaya hizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015. Waha wamewapokea majirani wanaoelewana nao kwa maneno, na kwa kufanya hivyo wamejikuta wao wenyewe wakitiliwa shaka. Malalamiko ya wananchi wa Kigoma kuhojiwa uraia wao yamesikika hadi bungeni.

Hapa ndipo suala la urithi linapoacha kuwa la makumbusho. Mtu anayeogopa kwamba lafudhi yake itamfanya aulizwe vyeti vya wazazi wake ana sababu ya kutowafundisha watoto Kiha. Anapoacha lugha, anaacha pia majina ya vilima, na majina hayo ndiyo ushahidi wa kina zaidi wa ukaaji wa Waha katika nchi hii. Familia inayoweza kutaja kilima cha babu, mipaka yake na ukoo wa mteko wake ina historia ya mahali ambayo haikuletwa na mkimbizi wa juzi. Kwa kuificha lugha ili wathibitishe Utanzania wao, Waha wanaupoteza ushahidi wa Utanzania huohuo.

8.0 Uhifadhi: Funzo na Mapendekezo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua majengo na vitu vya kale kwa kipimo cha umri, hasa vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kichaka cha mteko hakina mwaka wa kutengenezwa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, unatoa nafasi pana zaidi, lakini kwa kawaida tunaitumia kwa ngoma na maonesho.

Mfano wa nchi nyingine ya milima unaweza kutusaidia kuona hatari na fursa. Wakazi wa Podhale, chini ya milima ya Tatra kusini mwa Poland, walikuwa maskini kama Waha, na vijana wao walihamia Chicago kutafuta kazi kama wetu walivyokwenda Tanga. Mwaka 1888 jumba la makumbusho lilianzishwa katika mji wao wa Zakopane, likapewa jina la Tytus Chałubiński, daktari kutoka Warsaw. Wasomi na wasanii wa mijini waliupenda utamaduni wa wenyeji, wakaufanya fahari ya taifa zima. Lakini walichagua kilichowavutia: nyumba za mbao, nakshi, muziki na mavazi. Buha haina makumbusho ya namna hiyo. Ikija kuipata, isije ikawa na ngoma na mikuki ukutani huku ramani ya vilima ikiwa imekufa na wazee.

Kwa hiyo makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, halmashauri za Kibondo na Kasulu, kwa kushirikiana na vyuo vikuu, zikusanye majina ya mahali ya kabla ya vijiji, kilima kwa kilima, kwa Kiha na kwa maelezo ya Kiswahili. Pili, wanawake wazee wahojiwe kwanza, kwa sababu zilizoelezwa katika sehemu ya tano. Tatu, vichaka na chemchemi ambazo wenyeji bado wanaziheshimu ziingizwe katika mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji, ambayo tayari ina msingi katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hakuna cheo kinachohitaji kurejeshwa ili kazi hii ifanyike.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kuwa mwami na mteko walifikwa na hatima mbili. Mwami aliingizwa katika sheria, kisha akatolewa kwa sheria mwaka 1963. Mteko hakuwahi kuingia, na kwa hiyo hakutolewa; aliachwa kilimani watu wake walipoondoka. Anayetafuta urithi wa Buha katika sheria na sherehe za utawala atapata nusu ya historia. Nusu ya pili imo katika majina ambayo wachache bado wanayataja, tena kwa sauti ya chini. Bibi yangu amekwisha kufariki. Katika familia yetu, majina mawili kati ya yale matatu bado tunayajua. La tatu nililiandika katika daftari nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, bila kumwuliza mipaka yake inaishia wapi.